Walio ndani kwanza: barua ya wazi kwa uongozi wa Edmonton Oilers

Edmonton, Alberta
Agosti 2025

Kwa:
Bw. Daryl Katz, mmiliki wa klabu
Bw. Jeff Jackson, Ofisa Mtendaji Mkuu wa shughuli za hoki
Bw. Stan Bowman, Meneja Mkuu

Waheshimiwa,

YAH: USAJILI NA MIKATABA YA WACHEZAJI, KIANGAZI CHA 2024 NA CHA 2025

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni shabiki wa Oilers, timu ya hoki ya barafuni ya Edmonton, na mkazi wa jiji hili, na ninayoyaandika si mapya. Yameshasemwa ndani ya treni inayotoka kituo cha MacEwan baada ya mechi. Yameshasemwa kwenye vipindi vya redio ambavyo mashabiki hupiga simu. Yamesemwa kwa upole, kwa sababu timu ilikuwa inafika fainali na hakuna aliyetaka kuonekana mchawi wa timu yake mwenyewe. Upole huo haujazaa kitu. Kiangazi kimerudi, na kasoro za mwaka jana zinajirudia kwa majina mengine. Ndiyo maana safari hii naandika mbele ya watu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayobishania hoki nyumbani. Humu mjini tupo tuliotoka Bukavu, Mombasa, Bujumbura na Kigoma, na wapo waliopitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kufika Kanada. Wengi wetu tumefundishwa mchezo huu na watoto wetu. Nairobi nako wapo Ice Lions, waliokulia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, IIHF. Rogers Place, uwanja uliofunguliwa mwaka 2016, ni mali ya Jiji la Edmonton. Kodi zetu zimo kwenye kuta zile. Kwa hiyo tunazungumza kama wenyeji.

Hoja yangu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: mnamaliza fedha kwa wageni kabla hamjamalizana na walio ndani.

Kwa msomaji asiyezifahamu kanuni za ligi hii, NHL, aelewe mambo mawili. La kwanza, kila timu ina kikomo cha mishahara ya kikosi. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88 za Marekani, msimu unaokuja ni milioni 95.5, na ligi imeshatangaza milioni 104 kwa 2026-27 na milioni 113.5 kwa 2027-28. Tajiri na asiye tajiri wanabanwa na kamba ileile, hivyo kila dola anayopewa mchezaji mmoja imetolewa kwa mwingine. La pili, mchezaji kijana ambaye mkataba wake wa kwanza umekwisha hayuko huru kabisa. Timu yake bado ina haki naye, ila timu nyingine inaruhusiwa kumwekea ofa mezani. Akiikubali na kusaini, timu yake inapewa siku saba: ilipe kiasi hichohicho abaki, au imwachie na ipokee fidia ya nafasi katika uteuzi wa vijana, ule unaofanyika kila mwaka timu zikichagua chipukizi kwa zamu.

Sasa niyataje yanayotuumiza.

1. Philip Broberg na Dylan Holloway

Tarehe 1 Julai 2024, wiki moja baada ya kufungwa 2-1 na Florida Panthers katika mchezo wa saba wa fainali, mlifungua pochi. Viktor Arvidsson, mwenye miaka 31, alimwaga wino kwa miaka miwili, dola milioni 4 kwa mwaka. Jeff Skinner, mwenye miaka 32, mwaka mmoja kwa milioni 3. Adam Henrique, Corey Perry, Connor Brown na Mattias Janmark wakabakishwa kwa mikataba mipya. Mji ulishangilia, na haikuwa ajabu, maana tulikuwa tumekosa kombe kwa bao moja.

Siku hiyohiyo beki Philip Broberg, miaka 23, na winga Dylan Holloway, miaka 22, walikuwa hawana mkataba. Hawakuwa watoto wa kujazia benchi. Broberg mlimchagua wa nane katika uteuzi wa 2019, Holloway wa kumi na nne katika ule wa 2020. Katika mtoano wa 2024 Holloway alifunga mabao matano. Broberg aliingizwa katikati ya mfululizo dhidi ya Dallas Stars, mechi zikiwa za moto kuliko zote, na hakutoka tena kikosini mpaka mchezo wa mwisho wa fainali.

Julai ikapita yote. Tarehe 13 Agosti St. Louis Blues wakaweka ofa mbili kwa mpigo: Broberg dola 4,580,917 kwa mwaka, Holloway dola 2,290,457 kwa mwaka, kila mmoja miaka miwili. Tarakimu hizo hazikuokotwa njiani. Kila moja ni ukingo wa juu kabisa wa daraja lake la fidia. Ingezidi kwa dola moja tu, St. Louis wangelazimika kulipa fidia kubwa zaidi. Walijua mmeshajaza kikosi, wakaupima udhaifu wenu mpaka dola ya mwisho. Ndani ya siku zile saba mlimpeleka beki Cody Ceci San Jose pamoja na chaguo la raundi ya tatu (yaani nafasi yetu ya kuchagua chipukizi katika uteuzi), mkajipunguzia mzigo wa milioni 3.25. Na bado, tarehe 20 Agosti, mkatangaza kwamba hamtalipa. Tulichopata ni chaguo la raundi ya pili kwa Broberg, la raundi ya tatu kwa Holloway, na kwa makubaliano ya pembeni kijana Paul Fischer na chaguo jingine la raundi ya tatu, la mwaka 2028.

Naomba tujumlishe pamoja. Arvidsson na Skinner walitugharimu dola 7,000,000. Broberg na Holloway, hata kwa bei ya juu waliyopandishiwa na mpinzani makusudi, wangetugharimu dola 6,871,374. Wale vijana wawili walikuwa nafuu kuliko wakongwe wawili, na naamini kama mngekaa nao mezani mwezi Juni wangesaini kwa kiasi cha chini zaidi ya hicho.

Msimu ukachezwa. Holloway akiwa na St. Louis alifunga mabao 26 na kufikisha pointi 63 (kila bao au pasi ya bao ni pointi moja). Arvidsson na Skinner kwa pamoja walipata pointi 56. Broberg akawa beki wa kila siku katika timu iliyofika mtoano. Skinner, mchezaji aliyesubiri mtoano maisha yake yote na aliyekuja kwa nia njema, alikaa nje mechi nyingi za mtoano wenyewe. Kiangazi hiki ametua San Jose, na Arvidsson mmempeleka Boston Bruins mkapewa chaguo la raundi ya tano la mwaka 2027. Chaguo hilo la raundi ya tano ndilo lote lililobaki mkononi kutokana na zile dola milioni saba.

Sijasikia hadi leo ofisi yenu ikieleza hadharani, kwa hesabu, kwa nini mgeni alipewa fedha siku ya kwanza na wa nyumbani akaachwa asubiri hadi Agosti. Hiki ndicho kidonda kikubwa, na ndiyo sababu nimekikalia kuliko vingine.

2. Miaka mingi kwa asiyejulikana bado

Tarehe 27 Juni mwaka huu mlimpa Trent Frederic mkataba wa miaka minane, dola milioni 3.85 kwa mwaka. Jumla ni milioni 30.8. Frederic alikuja kutoka Boston mwezi Machi akiwa na jeraha la kifundo cha mguu, akacheza mechi moja tu ya msimu wa kawaida akiwa na Oilers, kisha mechi 22 za mtoano alizopata pointi nne. Simdharau. Ana mwili, ana moyo, na msimu wa 2023-24 alifunga mabao 18 Boston. Pengine mguu ukipona atakuwa yuleyule. Lakini ana miaka 27, na mkataba utakwisha akiwa na 35. Mtu ambaye hatujamwona mzima amepewa miaka minane. Evan Bouchard, beki aliyepata pointi 23 katika mechi 22 za mtoano uleule, amepewa minne.

Najua kwa Bouchard yapo mambo mawili: mchezaji mwenyewe na wakala wake nao wana matakwa yao, na kikomo kinapopanda kijana hapendi kujifunga muda mrefu. Hilo nalikubali, na milioni 10.5 kwa mwaka ni haki yake. Ila tukumbuke alifikaje hapo. Mwaka 2023 mlimpa mkataba mfupi wa miaka miwili kwa milioni 3.9 kwa sababu fedha zilikuwa zimefungwa kwingine. Mkataba mfupi wa kijana anayepanda ni mkopo, na riba yake tumeanza kuilipa.

Fedha zilizofungwa kwingine zina historia. Julai 2022 kipa Jack Campbell alipewa miaka mitano kwa dola milioni 5 kila mwaka. Novemba 2023 alikuwa ameshapelekwa timu ya daraja la chini huko Bakersfield, na tarehe 30 Juni 2024 mkauvunja mkataba kwa kumlipa. Malipo hayo yanahesabiwa ndani ya kikomo chetu hadi msimu wa 2029-30: msimu unaokuja milioni 2.3, unaofuata milioni 2.6. Bw. Bowman hukuwepo wakati Campbell anasajiliwa, wala Bw. Jackson hakuwa kwenye kiti hicho. Lakini mkataba wa Frederic mmeuandika ninyi, na ndio unaonifanya nijiulize kama somo la Campbell lilibaki kwenye kabati la aliyetangulia.

3. Golini

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mlikiona wenyewe. Katika fainali ya Juni mwaka huu kipa Stuart Skinner, si yule winga Jeff, alitolewa golini mchezo wa tatu, akatolewa tena mchezo wa nne. Calvin Pickard akaingia, tukashinda mchezo wa nne katika muda wa nyongeza kwa bao la Leon Draisaitl. Pickard akaanza wa tano, tukafungwa. Skinner akarudishwa wa sita, tukafungwa 5-1 na kombe likabaki Florida. Timu iliyofika fainali haikujua kipa wake ni nani.

Skinner ni mtoto wa Edmonton, amezaliwa hapa, na hakuna anayestahili kuzomewa na watu wa kwao. Ametufikisha fainali mbili mfululizo. Tatizo langu si yeye. Tatizo ni kwamba Julai imepita, makipa wengi walibadilisha timu, na sisi tunarudi na wawili walewale, tukiwa tumebadilisha kocha wa makipa peke yake. Kama mnamwamini Skinner, mkataba wake unakwisha 2026: mpeni mwingine, aingie golini akiwa na utulivu wa moyo. Kama hammwamini, semeni na mtafute. Kumwacha ananing'inia msimu mzima ni kumwonea yeye na kutuonea sisi. Na nawaomba muitazame tarakimu hii: msimu wa 2026-27 Campbell, asiyekuwepo, atahesabiwa milioni 2.6 ndani ya kikomo chetu. Skinner, aliyepo, leo anahesabiwa milioni 2.6.

4. Chipukizi wanaouzwa kabla hawajaota

Chaguo letu la raundi ya kwanza la 2025 lilikwenda Philadelphia. La 2026 mliliahidi San Jose kwa ajili ya beki Jake Walman. Ryan McLeod mlimpeleka Buffalo Julai 2024 mkampata Matthew Savoie, kijana wa St. Albert hapo jirani. McLeod akaenda kupata pointi 53 msimu wake wa kwanza kule, wakati Savoie alipewa mechi nne tu za NHL.

Kwa Walman sina lawama, ni beki mzuri na alitufaa. Kwa Savoie nina matumaini makubwa, ila chipukizi hukomaa kwa dakika za uwanjani na wala si kwa ahadi. Mtu anayekula mbegu zote msimu wa njaa haulizwi kwa nini alishiba. Anaulizwa atapanda nini mvua zikija.

5. Kiangazi cha 2026, na jina ambalo kila mtu analiogopa

Connor McDavid, nahodha wetu, alichaguliwa wa kwanza katika uteuzi wa tarehe 26 Juni 2015, kwenye uwanja ulioko Sunrise, Florida. Ni uwanja uleule alimopoteza mchezo wa saba mwaka 2024, na ni uleule alimopoteza mchezo wa sita mwaka huu. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano huku timu yake ikiwa imeshindwa, na hakutokea barafuni kuipokea. Mtu huyo hana cha kututhibitishia.

Mkataba wake, wa miaka minane na dola milioni 100, aliusaini tarehe 5 Julai 2017, mwaka mzima kabla ya ule wa zamani kuisha. Safari hii ameruhusiwa kuongeza tangu tarehe 1 Julai 2025. Agosti imefika na hakuna wino. Ana haki ya kusubiri. Amesema hadharani kwamba kushinda ndiko kunakotangulia, na anayesema hivyo huitazama timu kabla ya kuutazama mshahara. Anaangalia mnachofanya golini. Anaangalia nani anakaa na nani anaondoka. Alikuwepo Holloway na Broberg walipoondoka.

Na hayuko peke yake kwenye foleni. Mikataba ya Mattias Ekholm, Jake Walman, Brett Kulak na Stuart Skinner yote inakwisha kiangazi kilekile cha 2026. Mabeki watatu kati ya wale tunaowategemea, na kipa, na nahodha. Vasily Podkolzin, mliyemtoa Vancouver kwa chaguo la raundi ya nne tu na akawa mmoja wa wachapakazi wakubwa wa kikosi, naye anamaliza wakati huohuo, na kwa umri wake ataangukia kundi lilelile walimokuwa Broberg na Holloway: kijana asiye huru kabisa, anayeweza kuwekewa ofa na yeyote mwenye nafasi kwenye kikomo. Na nafasi zitakuwepo, kwa sababu kikomo kinaruka kutoka milioni 95.5 hadi 104. Kila timu itakuwa na fedha za kutuvizia. Walichofanya St. Louis kwa vijana wawili, safari hii wanaweza kukifanya wengi.

Agosti ina kumbukumbu yake katika mji huu. Tarehe 9 Agosti 1988 Wayne Gretzky, nyota wa Oilers wakati ule, alipelekwa Los Angeles, na wazee wa hapa bado wanakumbuka walikuwa wapi waliposikia. Timu ilitwaa kombe tena mwaka 1990, la tano, na tangu hapo halijarudi. Wale wa 1988 waliambiwa ni biashara. Msituweke mahali pa kuambiwa tena.

Nayajua majibu yanayoweza kutolewa, na ni haki niyapime kabla hayajaletwa.

Mtasema: tumefika fainali mbili mfululizo, timu ngapi zimefanya hivyo? Ni kweli, na tunashukuru, tulilia kwa furaha mitaani. Lakini fainali hizo zimebebwa na McDavid, Draisaitl, Bouchard, Nugent-Hopkins na Nurse, wote waliochaguliwa na klabu hii wakiwa vijana na kukuzwa humu. Mafanikio mnayoyataja ni ushahidi wa upande wangu. Timu hii ilijengwa na wa ndani.

Mtasema: kikomo cha mishahara kilitubana. Kiliwabana kwa sababu ya mpangilio wa matumizi. Tarehe 1 Julai 2024 mlikuwa na uwezo wa kuamua nani alipwe kwanza, na mkaamua. Hesabu ya milioni saba dhidi ya milioni 6.87 haihitaji mtabiri.

Mtasema: ni rahisi kuhukumu baada ya matokeo, nani alijua Holloway angefunga 26? Sidai mngejua mabao. Nadai mlijua umri. Winga wa miaka 22 ana nafasi ya kupanda, wa 32 ana nafasi ya kushuka, na kila anayefanya kazi ya usajili anafahamu hivyo kuliko mimi. Mtaongeza kwamba ofa za namna ile zilikuwa nadra kwenye ligi. Nadra si marufuku. Kanuni ilikuwepo, imeandikwa, na ninyi mlikaa wazi mwezi mzima na nusu.

Mtasema pia kwamba mwaka huu mmebadilika, mmemleta Isaac Howard. Hapo nawapongeza bila kinyongo. Howard ana miaka 21, ametwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo vya Marekani, na mmempata kwa kumtoa Sam O'Reilly, kijana aliyetokana na lile chaguo la 2025 lililokwenda Philadelphia. Huo ni usajili wa timu inayofikiria kesho. Kuondoka kwa Evander Kane, Perry na Brown pia sikugombi. Bei walizopewa kwingine, hasa Brown na miaka yake minne New Jersey, zisingetufaa. Draisaitl mlimfunga kwa miaka minane mnamo Septemba 2024, na ilikuwa kazi safi. Mnaweza, basi. Ninachokilalamikia ni kwamba mnaweza na hamfanyi kila mara, na mliposhindwa hatukupewa maelezo.

Ninachoomba, kwa niaba yangu na ya wote watakaoikubali barua hii, ni hiki.

Kabla kambi ya mazoezi haijafunguliwa Septemba, simameni mbele ya mashabiki katika kikao cha wazi na mweleze mpango wenu. Siombi kujua ofa mliyompelekea McDavid, hayo ni yake na yenu. Naomba tujue mna utaratibu gani endapo msimu utaanza bila saini yake, na nani anawajibika.

Wekeni kanuni na muitangaze: kuanzia sasa, hakuna mgeni anayesajiliwa tarehe 1 Julai wakati kijana wa klabu mwenye nafasi ya kudumu kikosini bado hana mkataba. Podkolzin awe wa kwanza kufaidika nayo. Asaini kabla ya mwaka huu kwisha, wakati bei bado ni ya mazungumzo na si ya mnada. Ekholm na Walman wafuate msimu ukiendelea, wasiachwe hadi Juni. Ekholm ana miaka 35 na najua hatari yake, ila kama mnamtaka mwambieni, na kama hammtaki anzeni kumtafuta mrithi leo.

Suala la kipa liamuliwe kabla ya Krismasi. Kwa Skinner au kwa mwingine, liamuliwe.

Chaguo la raundi ya kwanza la 2027 lisiguswe kwenye biashara za mwezi Machi kwa ajili ya mchezaji wa miezi mitatu. Savoie na Howard wapewe dakika halisi pembeni ya McDavid na Draisaitl, hata pale watakapokosea, hata tutakapopiga kelele sisi wenyewe tulioomba.

Na mkataba wowote unaozidi miaka sita kwa mchezaji ambaye hajamaliza hata msimu mmoja nasi uelezwe hadharani siku unapotangazwa: kwa nini miaka hiyo, na tutatokaje ukienda kombo.

Majibu ya faragha siyahitaji, na tiketi za bure msinitumie. Jibuni mahali ambapo kila shabiki atasoma. Sisi tutakuwepo Oktoba, na jezi zetu, na watoto wetu, kama tulivyokuwepo usiku wa fainali zote mbili.

Wenu kwa heshima,

Shabiki wa Oilers
Edmonton, Alberta